Kisu cha Barasa na Mparachichi wa Ukweni

Kuna watu ambao ukitembea nao mjini watasimama kwenye kila duka la viatu. Ukitembea na Austine Barasa, mtasimama kwenye kila mti. Mnatoka Makongeni mkielekea katikati ya Thika, gumzo limenoga, mara unagundua unaongea peke yako. Ukigeuka, Barasa yuko nyuma kabisa ameinamia mjakaranda wa wenyewe, anakwaruza gome kwa ukucha, ananusa kidole, kisha anatikisa kichwa.

"Ukungu," atasema, na hakuna aliyemwuliza.

Tabia hiyo hakuzaliwa nayo. Alizaliwa Bungoma akalelewa Makongeni, ambako baba yake alikuwa ameletwa na kazi ya kiwandani. Alipomaliza shule alitamani udereva. Kilichopatikana ni kusugua kahawa. Usicheke, ni kazi halali. Kwenye mashamba ya upande wa Ruiru kuna watu wanaopita mstari kwa mstari na kipande cha gunia mkononi, wanasugua shina la mkahawa kutoka chini mpaka panapoanzia matawi, magamba makavu yanabanduka yote, shina linabaki laini. Yuko mdudu anayetoboa mashina, na hupenda kutaga mayai yake chini ya gome lililolegea. Ukimnyima pa kujificha, atatafuta shamba lingine.

Kutwa nzima umeinama, jioni kiuno hakikunjuki. Wengi huacha kabla ya kumaliza mwezi. Barasa aliipenda kazi hiyo kwa moyo wake wote, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu cha kutazama kwa karibu bila mtu kumwambia aondoke. Nyapara wake, mzee Obiero, Mjaluo mwenye kifua kipana na sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto, alimfundisha mambo mawili tu. Ukiona tundu kwenye shina na unga wa mbao umemwagika chini, huyo ni mdudu. Ukiona gome linageuka jeusi na kudidimia, likauzunguka mti na kuunyonga shingo, huo ni ukungu. Mengine, alisema Obiero, utajifunza kwa macho.

Bahati mbaya, msimu mmoja kipande kizima cha kahawa kilishikwa na ukungu wa gome, na aliyeuona kabla ya wengine alikuwa Barasa. Meneja alimsifu mbele ya wafanyakazi wote. Sifa zile zilimwingia kichwani zikakaa, na tangu siku hiyo kijana wetu hakuona tena ugonjwa mwingine duniani. Alinunua kisu kidogo cha kupogolea, akawa anakibeba mfukoni kila aendako, na mti wowote uliomwonyesha doa aliuchuna kidogo athibitishe alichokwisha kuamua.

"Huyu," Obiero alikuwa akiwaambia wenzake wakati wa chai, "hata mti ikigongwa na lori atasema ni ukungu ilikuwa inaendesha."

Ukungu huohuo ndio uliompeleka kwenye agroveti, duka la dawa za mimea na mifugo, mjini Thika, ambako nyuma ya kaunta alisimama msichana mrembo asiyependa haraka, Carolyne Wayua.

"Nipatie ile dawa ya bluu ya ukungu," Barasa alisema.

"Ya kuweka kwa nini?"

"Kwa mti."

"Mti gani? Iko na dalili gani?"

"We niuzie tu. Ni ukungu."

"Na kama ni mdudu?"

"Si mdudu."

"Umeiuliza ikakwambia?"

Barasa alilipa akaondoka na dawa yake. Akarudi juma lililofuata na jibu alilokuwa amelitunga kwa siku kadhaa, akakuta Wayua ana swali jingine. Ikawa hivyo. Chumba chake cha Makongeni kilijaa dawa ya bluu ambayo ingetosha kunyunyizia kaunti nzima, na bado alikuwa akienda kununua nyingine. Mwishowe Wayua alimhurumia. Alimwambia kwamba kama shida ni kumwona, anaweza kuja saa ya kufunga duka bila kununua chochote.

Basi wakapendana, na mambo yakafika mahali pa kwenda kwa wazee. Wayua alikuwa Mkamba wa mashariki ya Thika, huko ambako udongo unaanza kuwa mkavu na watu wanalima mbaazi na miembe. Baba yake alikuwa amefariki. Msemaji wa familia alikuwa baba yake mdogo, mzee Nzioki, na mwenye boma alikuwa mama yake, Kanini, ambaye kila mtu alimwita Mama Wayua. Upande wa Barasa, wazazi wake walikuwa wamesharudi Bungoma, na ami zake wa huko walimtuma Obiero asimame badala yao kwa kuwa ndiye aliyemlea kazini. Wazee walikutana, wakaelewana, wakapanga siku ya kupeleka ntheo.

Ntheo ni mbuzi. Unaweza kufunga ndoa kanisani kwa keki ya ghorofa, ukavishwa pete na askofu, lakini kwa Wakamba kama mbuzi wa ntheo hawajafika na beberu wao hajachinjwa akaliwa na pande zote mbili, wewe bado unatembea na binti ya watu. Hilo Barasa alilielewa haraka. Jambo la pili lilimwia gumu zaidi.

"Mwaitu hatakusalimia," Wayua alimweleza. Mwaitu ndiyo mama kwa Kikamba. "Hamwezi kupeana mkono. Hamwezi kula pamoja. Mkikutana kwa njia, mmoja anatoka. Tunaita nthoni. Ni heshima ya mama na mkwe wake. Wengi siku hizi wameacha, lakini Mwaitu hajaacha, na hataacha."

"Sasa nikitaka kumwambia kitu?"

"Unaniambia mimi, na mimi namwambia."

"Hata kama amesimama hapo?"

"Hata kama amesimama hapo."

Barasa, mtoto wa estate ya mjini, ambaye Makongeni alizoea akina mama waliomwita kwa jina kutoka dirishani na kumtuma sabuni, alilala akiliwaza jambo hilo. Asubuhi ya kupeleka ntheo Obiero alimpa onyo lake mwenyewe: "Na hiyo kisu uwache nyumbani." Barasa akaapa kwamba amekiacha. Alikuwa amekihamishia mfuko wa koti tu.

Walipokelewa vizuri. Mbuzi walisifiwa, maombi yakaombwa, viti vikapangwa kivulini mwa nyumba. Mama Wayua hakuonekana. Alikuwa jikoni, na mara moja alipopita kwenda kuchota maji alikuwa amejifunika leso kichwani, uso ameugeuzia ukutani, akazunguka nyuma ya nyumba asipishane na mgeni. Barasa aliona ncha ya leso tu, akajisikia mtu wa maana sana.

Lakini pale uani, kati ya nyumba na jiko, palikuwa na mparachichi. Ulikuwa mti mkubwa, wa kuzaa, umebeba mpaka matawi yameinama. Na kwenye shina lake, mahali ambapo macho ya Barasa yalifika kabla hajaketi, palikuwa na unga mweupe uliotoka kwenye gome ukakauka, mweupe safi kama sukari iliyomwagika.

Alijitahidi, tusimnyime haki yake. Mzee Nzioki alieleza historia ya ukoo, na Barasa akaitikia kwa kichwa. Obiero akaeleza sifa za kijana, nyingine hata kijana mwenyewe alikuwa hazijui. Barasa akatazama viatu vyake. Akatazama mbuzi. Akautazama unga. Mkono ulikuwa umeshaingia mfuko wa koti bila ruhusa yake.

"Naomba kwenda msalani," alisema.

Obiero alimkata jicho, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Choo kilikuwa mwisho wa uwanja, na mti ulikuwa njiani. Barasa aliupita, akarudi hatua moja, akaangalia nyuma, akakitoa kisu. Nia yake ilikuwa kukwangua kidogo tu, upana wa kucha. Gome likabanduka. Akafuata doa. Doa likaenda juu, naye akaenda nalo. Kufumba na kufumbua alikuwa ameuchuna mti wa watu sehemu kubwa kama kiganja, maji yakachuruzika, na yeye amepiga goti moja chini akinusa kidole kwa furaha.

"Wewe!"

Mama Wayua alikuwa ametoka jikoni na sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Aliitua chini. Leso ilikuwa imemwangukia mabegani na hakuiinua. Alimwendea Barasa moja kwa moja, akasimama mbele yake, akamtazama usoni.

"Unachuna mti yangu ukitafuta nini?"

"Ni ukungu, Mama," Barasa alisema, kwa sababu ukweli ni kwamba hakuna jibu lingine lililokuwa kichwani mwake.

"Ukungu? Hii ni mdudu! Kila mwaka mimi natoa mdudu hapa na spoki ya baiskeli, nadunga kwa tundu, nazibua, wewe unakuja na kisu ya kuchezea unaniambia ukungu?"

"Lakini Mama, ukiona unga mweupe hivi..."

"Usinifunze mti yangu!"

Wakabishana. Barasa alionyesha doa, Mama akaonyesha tundu. Alipiga makofi, alimkemea, alimwita kijana mwenye wazimu, na kwa mshangao wake Barasa alianza kujisikia vizuri. Mama alikuwa anaongea naye! Ile habari ya kujificha ilikuwa imekwisha bila shida yoyote. Aligeuka kuwatazama wengine ili washangilie pamoja, akakuta uwanja mzima umekufa ganzi. Wayua alikuwa ameweka mikono kichwani. Obiero alikuwa ameangalia mbingu.

Mzee Nzioki alikohoa. "Mbuzi wafungwe kwa zizi," alisema polepole. "Beberu hachinjwi leo. Mimi sijawahi kuona mkwe anaongea na mama ya bibi yake uso kwa uso namna hiyo. Huyu si mkwe. Huyu ni mgeni amekuja kuharibu mti."

Mama Wayua alikuwa bado anahema. Aliokota sufuria yake. "Aliyeharibu atatengeneza," alisema. "Mti ikipona tutakula hiyo mbuzi. Isipopona, arudi nayo kwao."

Wakati wa kuondoka Wayua alimsindikiza mpaka barabarani, machozi yamemlenga. Barasa akamwambia asijali, angalau yeye na mama wamezoeana.

"Barasa, haki wewe!" Wayua alisema. "Mkwe ndiye anaonewa haya. Mama akikutazama kwa macho hivyo, akikuongelesha hivyo, anakwambia wewe si mkwe wake. Ujue kila neno anakwambia, mimi ninaenda mbali na wewe."

Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Barasa hakulala siku hiyo, na ya pili yake hakuuangalia mti wowote, jambo ambalo Ruiru nzima ililiona.

Kwa hiyo alianza kwenda kila Jumapili baada ya kanisa, na ndoo yake ya dawa ya bluu, kuutibu mti alioujeruhi. Alikuwa na lengo moja: mti upone, mama aache kumsemesha. Lakini Mama Wayua hakuwa mtu wa kukaa jikoni mgeni akichezea mparachichi wake. Alitoa kigoda, akakiweka karibu, akaketi na sinia ya mbaazi za kupembua, spoki ya baiskeli imechomekwa kwenye nywele, na kila alichofanya Barasa kilikuwa na maelezo yake.

"Hiyo dawa unapaka kama unapaka nyumba ya serikali."

"Lazima iwe nzito, Mama, ndio ukungu isipite."

"Na mdudu? Atabisha hodi?"

Barasa alikuwa amejiapiza kunyamaza. Mara ya kwanza alistahimili mpaka chai. Mara ya pili hakufika hata hapo, maana Mama alisema kwamba kahawa ya Ruiru haina lolote, na hilo lisingepita hivihivi. Wakajikuta wanazungumza juu ya kusugua mashina kwa gunia, juu ya miembe iliyolia utomvu mwaka wa ukame, juu ya mchwa na majivu. Mama alimletea chai na viazi vitamu. Alimwuliza mama yake wa Bungoma anaendeleaje, akamlaumu kwa kutompigia simu mara kwa mara. Barasa alimpigia mama yake palepale, na wale akina mama wawili wakaongea muda mrefu kuliko alivyowahi kuongea na yeyote kati yao.

Niseme ukweli, alikuwa anafurahi. Alikuwa ameishi ukubwani bila mtu wa kumgombeza kwa upendo, na kila Jumapili alirudi Makongeni mwepesi, akitabasamu peke yake. Kisha anamwona Wayua, na tabasamu linakauka.

"Leo mmeongea?" Wayua angeuliza.

"Kidogo."

"Mmecheka?"

"Kidogo tu."

"Barasa, mnaelewana sana. Hiyo ndio shida."

Mvua za vuli zikaja zikaosha shina. Unga mweupe ukatoweka. Matawi yakatoa majani mapya yenye rangi ya shaba, yakawa mabichi, na jeraha la kisu, chini ya dawa, likaonekana limeanza kufunga midomo. Tawi moja tu la upande wa jiko lilikuwa limekauka, na mti mkubwa kama ule kukosa tawi moja si habari. Mzee Nzioki alikuja akauzunguka mti mikono nyuma, akaupiga kofi shinani.

"Mti imepona," alitangaza. "Nani hataki nyama?"

Siku ikapangwa. Obiero akaja amevaa suti. Moto ukatayarishwa, beberu akatolewa zizini, na mzee Nzioki akaanza kunoa kisu kwenye jiwe. Wayua alikuwa na furaha mpaka akamwaga chumvi yote ya nyumbani. Na Barasa, kwa kuwa alikuwa na wasiwasi wa bwana arusi na hakujua pa kuweka mikono yake, akaenda kuutazama mti mara ya mwisho.

Aliinama kwenye jeraha. Pembeni mwa dawa yake, pande zote za mahali alipochuna, palikuwa na vitundu vidogo, vingi, vya upana wa ncha ya kalamu. Kutoka kwenye baadhi yao vijiti vyembamba vya unga wa mbao vilikuwa vimejitokeza. Alivigusa vikabomoka. Alibonyeza gome, likadidimia.

Alielewa palepale, na alichoelewa hakikumfurahisha. Wadudu wale walikuwapo kabla yake, wachache, kwenye lile tawi la upande wa jiko, na spoki ya Mama ilikuwa ikiwadhibiti. Kisha yeye akafungua mlango. Harufu ya jeraha bichi iliwaita kutoka kila upande, wakaingia kwa wingi kupitia pale alipokata kwa mkono wake. Juu mti ulikuwa kijani bado. Ndani ulikuwa unaliwa, na msimu mwingine ungekauka wote, na wadudu wangehamia kwa majirani.

Obiero alikuwa amemfuata. Aliona, naye akaelewa, maana si bure kuwa nyapara.

"Funika na dawa," alinong'ona. "Nyamaza. Mbuzi ichinjwe, tule. Mti ikikufa baadaye wewe ni mkwe tayari. Nani atakuuliza?"

Lilikuwa shauri zuri, na Barasa alilitaka. Alimwona Wayua akicheka na jirani mlangoni. Alimwona beberu. Maneno machache tu ya kutosema, na mambo yote yangekuwa sawa. Kisha alimwona Mama Wayua ametoka kutupa maji, akasimama kidogo kuutazama mparachichi wake, uso umemnawiri. Na Barasa akajua kwamba kama atakula nyama ile itamkwama kooni.

"Mzee Nzioki," aliita. "Ngoja na hiyo kisu. Mti haijapona."

Mzee Nzioki akakishusha kisu.

"Iko na mdudu," alisema, na Obiero baadaye aliapa kwamba hilo lilikuwa tamko gumu kuliko yote aliyowahi kumsikia akitoa. "Mama alisema ni mdudu, na ni mdudu. Na ni mimi nimewaita. Wameingia hapa, penye nilikata. Hata hii mti yote itaharibika. Inafaa ikatwe chini ya kidonda, na hizo mbao zichomwe hapahapa, zisitoke kwa boma. Mizizi iko sawa. Itachipuka. Lakini kuzaa itachukua miaka."

Mama Wayua alisogea karibu. Alichukua panga, akalikata lile tawi kavu, akalipasua kwa urefu. Ndani mbao ilikuwa imegeuka nyeusi. Kulikuwa na njia nyembamba zilizochimbwa huku na huku, na ndani yake vidudu vyeusi visivyozidi chembe ya wimbi. Kuta za zile njia zilikuwa zimefunikwa na kitu cheupe laini.

Alikisogeza machoni. Akampa Barasa naye atazame.

"Hii nyeupe ni nini?"

Barasa alitazama, akatazama tena. "Ukungu, Mama," alisema kwa sauti ndogo, maana alikuwa na aibu ya kushinda hata nusu ya ubishi siku kama ile.

"Mdudu amekuja nayo?"

"Naona amekuja nayo. Ameipanda kwa njia yake. Naona watoto wake wanaikula."

"Ati mdudu analima?" Mama Wayua aliangua kicheko kilichowashtua mbuzi. "Kumbe tulikuwa tunagombania shamba ya mtu!" Alicheka mpaka akajishika mti, na Barasa akacheka, na hata mzee Nzioki, ambaye hakupenda kuahirishwa kwa nyama, akacheka. Kisha kicheko kikaisha, na mti ukawa bado umesimama pale, na kila mtu akakumbuka kwamba lazima ukatwe.

Jirani alileta msumeno wa injini. Barasa hakukubali mtu mwingine aushike. Alianza na matawi, kisha shina, chini ya jeraha, mahali ambapo mbao ilikuwa nyeupe na safi. Mparachichi ulipoanguka uwanja ulijaa mwanga ambao haukuwapo, na kuku wakakimbia kwa kelele. Wayua alilia waziwazi. Barasa alizima msumeno akabaki amesimama kando ya kisiki, vumbi la mbao mpaka kwenye kope.

Masharti yalikuwa wazi. Mti ukipona tutakula. Usipopona, arudi na mbuzi wake. Hakungoja kuambiwa. Alimfungua beberu kwenye kigingi alichofungiwa, akashika kamba, akaenda kumtafuta Mama Wayua ili amwombe radhi na kumuaga kama inavyostahili.

Alimwona kwenye kijia kilichopita kati ya jiko na shamba la mbaazi, anakuja upande wake na mzigo wa vitawi vikavu vya mparachichi vya kuchomwa. "Mama," alianza kusema, "mimi nilikuwa nataka..."

Mama Wayua alisimama. Akauacha mzigo uanguke. Akavuta leso kutoka mabegani mpaka kichwani, mpaka usoni, akageuka, akatoka kwenye kijia na kuingia ndani ya mbaazi. Mbaazi zilikuwa ndefu, zikamfunika. Hakuonekana tena ila pindo la gauni.

Barasa alibaki pale na kamba mkononi. Kwanza alifikiri amemchukiza kiasi cha kutotaka hata kumwona. Kisha akaelewa, na kwa furaha akamshika beberu pembe. Nyuma yake mzee Nzioki, ambaye alikuwa ameona yote, alikuwa tayari anakunja mikono ya shati na kuuliza kwa sauti nani amechukua jiwe lake la kunolea.

Alipaswa kupita. Hivyo ndivyo adabu ilivyotaka: mkwe apite upesi, mama arudi njiani. Lakini alikuwa na mengi ya kumwambia, na ghafla hakuwa na njia ya kumwambia hata moja. Kisiki kilihitaji kupakwa dawa kabla jua halijakikausha. Na alitaka kumwambia asante. Zile Jumapili za kigoda na sinia zilikuwa zimekwisha, na mwisho huo ndio aliokuwa akiutafuta.

"Wayua," alisema kwa sauti, akizitazama mbaazi, "mwambie Mama kisiki kipakwe dawa leo, juu na kwa kando, ndio ukungu isiingie."

Mbaazi zilitikisika.

"Wayua," sauti ilijibu kutoka ndani, kali kama kawaida yake, "mwambie mkwe wangu akipaka, apake nyembamba, si kama nyumba ya serikali. Na aache nafasi ya spoki."

"Wayua, mwambie Mama nimesikia."

"Wayua, mwambie akule vizuri. Amekonda."

Wayua mwenyewe alikuwa ng'ambo ya boma kwa jirani, anaomba chumvi.